Mwaka Nilipokuwa Macho ya Fundi Kalinga

Nilipaswa kukataa. Fundi Kalinga aliniita uani asubuhi moja ya mwezi wa sita, Mwanjelwa, mtaa wetu wa Mbeya, ikiwa bado imefunikwa na ukungu, akaninyooshea plagi ya pikipiki aliyoishika kati ya vidole viwili, akaniuliza kichwa chake kina rangi gani. Nikamwambia ni cheusi, kina masizi. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa anaona kama kahawia, na kwamba macho yake yalikuwa yakififia tangu mwaka uliotangulia, la kulia zaidi. Kuanzia siku hiyo mimi ningekuwa namwangalizia. Mbele ya wateja angeniuliza maswali kana kwamba ananipima, mwanafunzi na mwalimu wake, nami ningemjibu kile nilichokiona, naye angeujua ugonjwa wa pikipiki kutokana na majibu yangu. Asijue mtu mwingine yeyote, hata Danieli, mwanafunzi mwenzangu. Akaniuliza kama nimemwelewa. Nikasema nimeelewa, fundi, nikarudi kupiga mswaki. Sikuuliza itakuwaje siku nitakapoona vibaya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi nyingine, nalala nyumbani kwake na kula chakula chake, na nilikuwa namwogopa.

Mwaka huu tumemzika Danieli huko Ruaha Mbuyuni. Nilisimama nyuma ya watu, na fimbo yangu, na wengi waliokuwepo hawakunijua. Walinisalimu shikamoo kama wanavyomsalimu mzee yeyote aliyetoka mbali. Tangu nirudi Mbeya usingizi wangu umekuwa mbaya, na mke wangu ameniambia kama kuna jambo basi niliandike, kwa sababu kulisema nimeshindwa maisha yangu yote. Analolijua yeye ni dogo. Haya ndiyo mengine.

Mimi na Danieli tulilala chumba kimoja nyuma ya gereji, chumba cha matofali ya kuchoma chenye dirisha la ubao. Upande mmoja palikuwa na vitanda vyetu vya kamba, upande mwingine matangi ya mafuta yaliyotobolewa na kutu, minyororo, na magurudumu yaliyopinda ambayo fundi hakukubali yatupwe. Nguo zetu zilinuka petroli hata tukizifua. Mama Upendo, mke wa fundi, alituletea makande kwenye sufuria moja, na siku za baridi kali alitupa viazi vya kuchemsha tuvishike mfukoni kupasha vidole joto kabla ya kuvila. Danieli alikuwa Mhehe kama fundi, mtoto wa mkulima wa vitunguu, mrefu, mwenye mdomo usiopumzika. Mimi Mnyakyusa alinicheka kila siku. Alisema sisi tumelegezwa na ndizi, ndiyo maana napiga kiki ya pikipiki kama mtu anayekanyaga mende. Fundi alipoanza kuniuliza maswali mbele ya wateja, Danieli aliniambia, "Wewe unapimwa kila siku kama mtoto wa kipaimara. Mimi hanipimi. Ameshaona nimefuzu." Nilicheka naye, nikarudi kusugua plagi.

Ukuta kati ya chumba chetu na chumba cha fundi haukufika juu. Jioni moja Danieli akiwa ameenda kuteka maji, niliwasikia wakizungumza, kwanza Kihehe, ambacho nilikuwa nakielewa nusu, halafu Kiswahili. Mama Upendo alikuwa akimuuliza kwa nini hakumchagua Danieli, kijana wa kwao, mwenye moyo na mkono mwepesi. Fundi akasema Danieli ana mdomo. "Huyu mwingine mwoga," akasema. "Hatasema." Mama Upendo akamjibu kwamba mtu mwoga anaweza pia kukudanganya. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana kichwani. Wakati ule yaliniuma kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka kuitwa hodari. Sasa naona kwamba yule mama, ambaye hakuwahi kushika bisibisi, ndiye aliyeona mbele kuliko sisi wote, na kwamba ningeweza kuinuka dakika ile ile, nigonge mlango, niseme kazi hii siiwezi. Nilijifunika blanketi hadi kichwani.

Namna tulivyofanya kazi ilikuwa hivi. Pikipiki ikiletwa haiwaki, fundi alikaa kwenye kigoda chake, akamwacha mteja aeleze hadi amalize. Kisha alinituma. Nilifungua plagi, nikaivika kofia yake, nikailaza juu ya chuma cha injini na kupiga kiki, naye akauliza, "Moto wa rangi gani?" Nikisema bluu, alijua umeme upo na tatizo liko kwenye mafuta. Nikisema mwekundu, au mweupe uliofifia, tulienda kwenye platini inayokatakata umeme, kwenye koili, kwenye waya. Yeye mwenyewe alisikiliza. Alijua mlio wa plagi inayopiga vizuri, mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika. Alinusa bomba la moshi, alipapasa nati zote kwa kidole gumba. Tukiwa peke yetu, alipapasa na waya pia, kuanzia nyuma hadi mbele, macho yake yakiwa yametazama ukutani, na hakuna mchubuko uliopita chini ya vidole vyake bila kukamatwa. Lakini mteja akiwepo hakupapasa. Mtu anayepapasa waya huku akitazama pembeni anajulikana mara moja kwamba haoni, na gereji nyingine zilikuwa ng'ambo ya barabara, mafundi wake wakingoja tu kusikia habari kama hiyo. Kwa hiyo mteja akiwepo, waya ilikuwa kazi yangu peke yangu.

Niliogopa mwaka mzima. Niliogopa kusema bluu kumbe ni mweupe. Niliogopa pale jua lilipoingia gereji na kuufanya moto wa plagi usionekane, nikalazimika kuukinga kwa kofia huku mteja akinishangaa. Niliogopa fundi alipomwita mtu kwa jina la mwingine. Siku moja alimwita Danieli kwa jina langu akiwa hatua chache tu mbele yake, na Danieli akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mzee anazeeka huyu," na mimi nikasema ni jua. Kila uongo mdogo niliousema ulinifanya niwe mwepesi wa kusema mwingine. Hilo sikuliona. Nilidhani namlinda fundi.

Kisha ikaja pikipiki ya Bwana Pratap. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wa familia ya Kihindu ya pale Iringa, mwenye duka jingine Mbeya, mtu mpole aliyekuwa akituletea chai ya maziwa kwenye chupa kila anapokuja kukaa kungoja kazi yake. Pikipiki yake ilikuwa nyekundu, ya injini ndogo, na ilikuwa na tabia ya kuzima ghafla kana kwamba mtu ameizima kwa ufunguo, halafu baada ya muda kidogo inawaka kama haijawahi kuumwa. Gereji mbili zilikuwa zimebadilisha plagi na koili, na haikusaidia. Bwana Pratap alisema, "Barabara kuu haizimi, fundi. Hapa mjini tu ndiyo inanitia aibu."

Fundi alifurahi. Alipenda ugonjwa unaojificha. Aliniambia nichomoe waya mweusi. Kwenye pikipiki za aina ile, ukizima ufunguo, ni waya huo mweusi unaoupeleka umeme wa plagi kwenye chuma cha fremu ukafie huko, na injini inakata. Ukiuchomoa, injini haiwezi kuzimwa kwa ufunguo. Danieli aliendesha pikipiki hiyo mchana kutwa ikiwa imechomolewa, akazunguka sokoni, akapanda na kushuka, haikuzima hata mara moja. Basi fundi akawa amejua. Waya mweusi ulikuwa umechubuka mahali fulani kati ya injini na ufunguo, na ukigusa chuma unaizima pikipiki. Na kwa kuwa inazima mjini kwenye kona nyingi na haizimi kwenye barabara iliyonyooka, alisema mchubuko uko shingoni, pale usukani unapogeukia, waya zinapopinda na kunyooka kila siku. "Ondoa tangi, ondoa taa ya mbele, fuata waya mpaka shingoni," akaniambia.

Bwana Pratap alikuwa amekaa pale pale na chupa yake ya chai. Niliondoa tangi. Nilianza kuufuata waya, na chini ya tangi, karibu na bolti, nikaukuta umechubuka, shaba inaonekana. Nilihisi furaha kubwa, na nafuu kubwa kuliko furaha. Nikaufunga kwa tepu nyeusi ya umeme, mzunguko juu ya mzunguko. Kilichobaki kilikuwa taa ya mbele. Skrubu zake zilikuwa zimeshikwa na kutu, na wiki chache kabla yake nilikuwa nimeharibu kichwa cha skrubu kama hizo kwenye pikipiki ya mchungaji, na fundi alikuwa amenifokea mbele ya watu kwa maneno ambayo nisingependa kuyaandika. Niliijaribu moja. Bisibisi ikateleza. Nikaiacha. Nikajiambia mchubuko nimeshaupata, pikipiki moja haiwezi kuwa na michubuko miwili.

"Umefika shingoni?" fundi akauliza kutoka kigodani.

"Nimefika."

"Umeona?"

"Nimeona, fundi. Ilikuwa chini ya tangi. Shingoni ni salama."

Aligeuza uso wake kuelekea nilipo. Nilijua anataka kuja kupapasa mwenyewe. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na niliiona ikijikunja. Lakini Bwana Pratap alikuwa pale, na fundi akabaki amekaa. Nikarudisha tangi, nikaunganisha waya mweusi, pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza, tukageuza usukani kushoto na kulia haikuzima, na Bwana Pratap akatushukuru kwa mikono miwili. Siku ile haikuzima kwa sababu shaba ya shingoni ilikuwa bado haijatoka yote. Hilo nililijua baadaye.

Bwana Pratap aliitaka pikipiki Iringa, na Danieli akaomba aipeleke yeye. Alikuwa hajamwona mama yake tangu msimu wa kupanda. Bwana Pratap akamruhusu apite Iringa, ashuke kwao Ruaha Mbuyuni amsalimu mama, kisha apande tena na kuikabidhi dukani. Asubuhi ya safari Danieli alivaa makoti mawili, moja langu. Aliniambia nimtunzie kitanda, nisilaze minyororo juu yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisimama nimeshika usukani wa pikipiki ile akifunga kamba za viatu, na taa ya mbele ilikuwa mbele ya kifua changu. Nilichokisema ni kwamba aende polepole. Akasema, "Ndiyo, bibi," akaondoka.

Alipokuwa njiani sikuweza kula. Mama Upendo alidhani nina malaria. Nilipokuwa nikipita Mwanjelwa niliangalia nyuso za madereva wa malori yaliyotoka mashariki, nikitafuta mtu anayetutafuta. Siku ya kwanza hakuja mtu, na ya pili pia, na nikaanza kujiambia amefika, amekula, anamsumbua mama yake kwa maneno. Nilikuwa nimeanza kula tena habari zilipotufikia. Mtumishi wa duka la Bwana Pratap alikuja anakimbia, akasema wamepigiwa simu kutoka Iringa, kijana wenu ameanguka mlima Kitonga, yuko hospitali.

Tulikwenda na basi, fundi na mimi. Tulipofika Makambako fundi aliniuliza nje kukoje, kama mvua inanyesha. Ilikuwa inanyesha. Niliyoyasikia hospitali ni kwamba Danieli alikuwa anapanda Kitonga, kwenye ile kona kali inayokunja usukani hadi mwisho, na injini ikakata. Lori lilikuwa nyuma yake likipanda kwa gia nzito. Pikipiki ilirudi nyuma, Danieli akashusha mguu chini ili aizuie, na lori halikuwa na mahali pa kukwepea. Dereva alifanya alichoweza. Mguu wa kulia ulikuwa umeshakatwa juu ya goti tulipofika.

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, kitenge kichwani. Fundi akamwamkia, "Kamwene, mama," naye akaitikia bila kuinua uso. Danieli alikuwa macho. Alikuwa mweupe midomoni, na aliponiona alijaribu kucheka. Alisema koti langu limeharibika, nimsamehe. Halafu akamwambia fundi kwamba kosa ni lake. Mama yake alikuwa amempa mfuko wa vitunguu avilete Mbeya, naye akautundika kwenye usukani, karibu na ufunguo. Alikuwa na hakika kwamba kwenye kona mfuko ulibembea ukauvuta ufunguo, kwa sababu injini ilizima vile vile kabisa inavyozima mtu akigeuza ufunguo. "Umetukataza kutundika vitu kwenye usukani," akasema. "Nimejitakia mwenyewe, fundi."

Mama yake akaanza kulia. Akasema vitunguu ni vyake, yeye ndiye aliyevifunga pale kwa mkono wake, kijana alikuwa amekataa, akamlazimisha. Nilimwangalia fundi. Fundi alikuwa ametazama ukuta juu ya kitanda, mahali pasipo na kitu. Akasema, "Inawezekana." Nikajua kwamba zamu ya kusema ni yangu, kwamba pale hakuna aliyejua kinachosubiriwa ila mimi na yule mzee. Nesi aliingia kubadilisha maji. Nikasogea kumpisha.

Kabla ya kurudi, fundi alitaka aione pikipiki. Ilikuwa imelazwa ubavuni kwenye uwanja wa polisi, ufunguo ukiwa bado umo. Alimwomba askari atuache kidogo, akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mkono nyuma ya taa iliyopasuka. Hapakuwa na mteja wa kumwona sasa. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja shingoni, vikasimama, vikarudi, vikasimama tena. Akachukua mkono wangu, akaniwekea kidole changu pale pale. Ilikuwa shaba tupu, imesuguliwa na chuma hadi ikang'aa.

"Hukufika," akasema.

Nikasema sikufika.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alibaki amepiga magoti, tope likiingia kwenye suruali yake ya kanisani, akasema kwamba alijua. Alisema alisikia kwenye sauti yangu siku ile ile, na kwamba angeinuka akapapasa kama asingekuwa anaona haya mbele ya Bwana Pratap. "Nusu ni yangu. Lakini yule kijana ni rafiki yako, si wangu. Ukienda kumwambia, mwambie yote, na macho yangu umwambie. Sitakukataza. Usipokwenda, mimi sitakwenda badala yako." Nikasema nitakwenda. Nikasema acha kwanza apate nguvu. Alinyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, na tukatoka kwenda kituo cha basi.

Sikwenda. Kwanza nilingoja apone kidonda. Kisha nilingoja azoee magongo. Fundi aliifunga gereji mwisho wa mwaka ule, akarudi Iringa na Mama Upendo, na alifariki baada ya miaka michache akiwa kipofu kabisa, bila kuniuliza tena. Mimi nilipata kazi ya karani wa ghala, nikaoa, nikapata watoto, na pikipiki sijapanda tena. Danieli alirudi kwao akalima vitunguu. Alikuwa akinitumia salamu kwa madereva wa malori, salamu za dhihaka kama zamani, ananiuliza kama ndizi bado zinanilegeza. Alinialika kwenye harusi yake nikajibu ninaumwa. Alinialika kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Alikuja Mbeya mara moja kutibiwa, akanitafuta nyumbani, na nilipoona kivuli cha magongo getini nilimwambia mke wangu aseme nimesafiri. Nilikaa chumbani nikamsikiliza Danieli akizungumza naye barazani, akimchekesha, hadi alipoondoka. Baada ya hapo salamu zikapungua, halafu zikakoma.

Siku ya mazishi mjane wake aliniuliza mimi ni nani, nikamtajia jina. Alinishika mkono kwa nguvu. Akasema marehemu alikuwa akinitaja, na kwamba kwa miaka mingi alifikiri nilimchukia kwa sababu uzembe wake ulisababisha gereji ya fundi kufungwa nami nikakosa ufundi. Alikuwa anataka kuniomba msamaha. Mama yake naye, akasema, hakumpa tena mtu mfuko wa vitunguu hadi anaingia kaburini. Nilimjibu kwamba sikuwahi kumchukia. Hata hapo, na jeneza likiwa bado halijashushwa, sikumwambia zaidi ya hayo.

Mguu alioupoteza Danieli ulikuwa wake, na siwezi kuuhesabu katika hasara zangu. Hasara yangu ni hii: nilikubali kuficha jambo moja la mtu mwingine, nikauzoea uongo, na kwa sababu ya uongo huo nikampoteza rafiki pekee niliyekuwa naye, akiwa hai, mahali ninapoweza kufika kwa safari ya siku moja. Nilimkosa kwa zaidi ya miaka arobaini. Sasa amekufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyenikosea.